Wastaafu mnaokwenda kutalii Ulaya, punguzeni miji

Na Mwandishi Wetu, Moshi

WAHENGA walisema mwenda pole hajikwai. Msemo huo wengi wetu tunaukumbuka tunapowaonya watoto, lakini tunausahau tunapopanga mambo yetu wenyewe, hasa ile safari moja kubwa ambayo mtu ameiwekea akiba kwa miaka mingi.

Hivyo ndivyo ilivyotaka kutokea kwa mzee mmoja wa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, mwenye umri wa miaka 71, na mkewe, mwalimu mstaafu wa miaka 67. Mzee huyo analima kahawa na migomba katika kihamba alichorithi kwa baba yake. Kwa misimu minane amekuwa akitenga sehemu ya malipo ya kahawa, na mama naye alitenga sehemu ya kiinua mgongo chake, ili siku moja waende Italia.

Kila mmoja ana sababu yake. Mama anataka kusali Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Petro na katika Kanisa la Santa Maria Maggiore, alikozikwa Papa Fransisko Aprili 2025. Mzee yeye macho yake yako Trieste, mji wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, ambao bandari yake imepokea kahawa kwa karne nyingi tangu ulipotangazwa kuwa bandari huru mwaka 1719. Huko ndiko ilikoanzishwa kampuni ya kahawa ya Illy mwaka 1933.

"Nimechuma kahawa tangu nikiwa mtoto. Naipeleka chama cha msingi, inakwenda mnadani pale Moshi, halafu inapotea. Nataka nione inakofikia kabla sijafa," anasema.

Mwandishi wa makala haya alipowatembelea nyumbani kwao, baada ya shikamoo na kikombe cha kahawa, mzee alileta daftari lenye ratiba iliyoandikwa na kijana wao anayefanya kazi Dar es Salaam. Ratiba ilikuwa na miji sita kwa siku 10: Roma, Pisa, Florence, Milan, Venice na Trieste, kisha kurudi Roma kupanda ndege. Kwa kijana wa miaka 30 ni safari ya kuvutia. Kwa watu wenye magoti yanayouma na shinikizo la damu, ni adhabu ya kujilipia wenyewe.

Hesabu ya kuhama

Kosa la wengi ni kuhesabu siku za safari bila kuhesabu gharama ya kuhama. Kuhama mji mmoja kwenda mwingine si saa za kukaa ndani ya treni tu. Ni kufunga mizigo asubuhi, kutoka hotelini, kutafuta teksi, kusubiri kituoni, kusafiri, kutafuta hoteli nyingine, na kuketi mapokezi ukisubiri chumba, kwa sababu hoteli nyingi hutoa vyumba kuanzia saa 8 au 9 mchana.

Tulikaa na mzee tukapiga hesabu. Katika siku 10, ondoa siku ya kufika na ya kuondoka, zinabaki nane. Ratiba ile ilikuwa na safari sita za kuhama, ikiwamo ya kurudi Roma. Hata kama kila moja itakula nusu siku tu, hizo ni siku tatu. Zinabaki siku tano kwa miji sita, yaani chini ya siku moja kwa mji. Tena treni ya kutoka Trieste hadi Roma pekee huchukua zaidi ya saa tano.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo mkulima yeyote atalielewa: "Hii ni sawa na kubananisha miche. Shamba linaonekana la kijani, lakini kahawa hupati."

Ratiba mpya

Baada ya mashauriano ya siku mbili, Pisa na Milan ziliondolewa. Ratiba mpya ina miji mitatu ya kulala kwa usiku 14: Roma usiku tano, Florence usiku nne, na Venice usiku tano. Ukiondoa siku ya kufika, ya kuondoka na nusu siku mbili za kuhama, wanabaki na siku 12 kamili, wastani wa siku nne kwa kila mji.

Mvutano ulikuwa juu ya Trieste. Mzee alitaka walale huko, mama akataka wapumzike.

"Mzee wangu, ukifika huko ukalazwa kitandani kwa ajili ya magoti, hiyo kahawa utaiona dirishani?" mama aliuliza.

Mwafaka uliopatikana ni kwamba Trieste itakuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Venice, kwa treni ya takriban saa mbili, bila mabegi. Siku inayotangulia na inayofuata hazina kazi yoyote. Wataketi katika uwanja wa Piazza Unità d'Italia unaotazama bahari, wataingia katika mkahawa wa zamani kama Caffè San Marco uliofunguliwa mwaka 1914, na mzee atakunywa kahawa yake akiwa ametulia. Hapo atalipa zaidi kidogo, kwa sababu katika mikahawa mingi ya Italia anayekaa mezani hutozwa zaidi ya anayekunywa amesimama kaunta.

Jambo la pili lililookoa siku nzima ni tiketi ya ndege. Badala ya kuingilia Roma na kutokea Roma, wataingilia Roma na kutokea Venice. Tiketi za namna hii zinapatikana, na mara nyingi bei yake haitofautiani sana na ya kwenda na kurudi mji uleule. Mwulize wakala wako kabla hajakukatia, na ulinganishe bei hiyo na nauli ya treni pamoja na uchovu wa kurudi ulikoanzia.

Viza na bima

Mtanzania anayekwenda Italia anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla ya kuondoka. Mzee asisubiri hadi dakika ya mwisho, kwani uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45 endapo maombi yatahitaji uchunguzi zaidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Anayepita katika nchi kadhaa za Schengen huomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi.

Bima ya matibabu ya safari ni ya lazima, na kiwango chake kisipungue euro 30,000. Hapa wazee wawe makini. Soma masharti uone kama bima hiyo inakubali umri wako na kama inalipia ugonjwa ulio nao tayari, mfano shinikizo la damu au kisukari. Bima ya bei rahisi isiyogusa ugonjwa wako itakupa viza, lakini haitakulipia hospitali.

Kwa mkulima, ushahidi kwamba atarejea nyumbani ni muhimu kama fedha zenyewe. Taarifa za benki za miezi kadhaa, stakabadhi za mauzo ya kahawa, nyaraka za umiliki wa shamba na uthibitisho wa pensheni viandaliwe mapema. Pia, usilipie tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya kupata viza. Weka nafasi tu, ukipata viza ndipo ulipe.

Siku moja, jambo moja

Kanuni waliyoiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ni hii: jambo moja kubwa asubuhi, chakula na usingizi mchana, matembezi mafupi jioni. Na katika kila siku tatu, moja iwe tupu.

Jambo hilo kubwa nalo lichaguliwe kwa kuangalia kalenda na ngazi. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho ya mwezi. Jumatano Papa anapokuwapo Roma hukutana na mahujaji, na tiketi zake hutolewa bure. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia tiketi hiyo, mkimbie. Kule Florence, makumbusho ya Uffizi na ile ya Accademia yenye sanamu ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo hufungwa Jumatatu. Anayefika Jumapili jioni na kuondoka Jumanne asubuhi atarudi nyumbani bila kuiona.

Kuhusu ngazi, kuba la Kanisa Kuu la Florence lina ngazi 463 na halina lifti. Kuba la Mtakatifu Petro lina lifti, lakini ukishuka kwenye lifti bado kuna ngazi 320. Yote mawili yamefutwa katika daftari la mzee. Venice nayo haina magari ndani yake na ina madaraja zaidi ya 400, mengi yakiwa ya ngazi. Kubeba begi kupita madaraja hayo si mchezo.

Kwa sababu hiyo watalala Mestre, upande wa nchi kavu wa Venice, ambako teksi inafika hadi mlangoni na treni ya kuingia mjini huchukua kama dakika 10. Wanaolala Mestre pia wamesamehewa ile ada ya wageni wa kutwa ambayo Venice ilianza kuitoza Aprili 25, 2024 kwa siku maalumu, ingawa hulipa kodi ya wageni hotelini. Kwa boti za abiria, tiketi moja ya dakika 75 mwaka 2025 ilikuwa euro 9.50, hivyo atakayepanda mara nyingi anunue ya siku nzima.

Msaada upo, uombe mapema

Wazee wetu wengi huona aibu kuomba kiti cha magurudumu. Kwa mujibu wa sheria za Ulaya, huduma ya kumsaidia msafiri mwenye shida ya kutembea katika viwanja vya ndege ni bure, na inatakiwa iombwe angalau saa 48 kabla. Katika vituo vikubwa vya treni vya Italia kuna huduma iitwayo Sala Blu inayosaidia abiria wa aina hiyo bila malipo, nayo huombwa mapema. Asiyeomba atatembea kilometa za korido akiwa amechoka na usiku wa ndege.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika paketi zake, pamoja na cheti cha daktari. Habari njema ni kwamba majira ya Mei Italia iko nyuma yetu kwa saa moja tu, hivyo ratiba ya dawa haitavurugika. Kitakachowachosha ni usiku wa ndege. Ndiyo maana siku ya kwanza Roma imeachwa bila kazi.

Mwezi Mei nao haukuchaguliwa kwa bahati. Julai na Agosti kuna joto kali na umati. Kwa mkulima wa Kilimanjaro, kuanzia Julai mavuno ya kahawa huwa yamefungua mlango. Mei jua la Italia ni la wastani, na shamba linaweza kuachwa kwa vijana.

Fedha

Siku zilizoongezeka zimeongeza gharama ya hoteli, na mzee hafichi kwamba hilo lilimuuma. Lakini safari nne za kuhama zimeondoka, pamoja na teksi zake. Kiasi kilichopungua watakipata kwa kuchagua hoteli za kawaida zenye lifti karibu na kituo na kula mlo mmoja mkubwa mchana. Tiketi za treni za mwendo kasi kati ya Roma, Florence na Venice huwa nafuu zaidi zikikatwa mapema.

Fedha yao wameigawa mafungu matatu. La kwanza ni la vitu vinavyolipwa kabla ya kuondoka. La pili ni la matumizi ya kila siku. La tatu ni la dharura, nalo halitaguswa hata kama kuna kitenge kizuri dukani, kama anavyotania mzee. Jambo ambalo hawakukubali ni kukopa au kuuza sehemu ya kihamba. Fedha isipotosha, walikubaliana, itapunguzwa Florence, si shamba.

Majaribio

Kwa sasa wawili hao hutembea kila asubuhi hadi parokiani na kurudi. Wiki iliyopita walifanya jaribio jingine: walifunga mabegi kama wanaondoka kesho, kisha kila mmoja akapandisha lake ngazi za kanisa. Mzee alifika katikati akasimama. Walirudi nyumbani, wakatoa nusu ya nguo.

Aliyebakiza kitu kimoja kizito ni mzee. Ndani ya begi lake kuna kilo moja ya kahawa aliyoichuma mwenyewe, iliyokaangwa na kufungwa vizuri.

"Hii siitoi," anasema. "Nataka nimpe yule atakayeniuzia kikombe kule Trieste, nimwambie ndiyo mimi."