Daftari la Madeni la Marehemu Baba

Msomaji ukishuka gari hapa Noonkopir, mji ambao wageni wengi wanaujua kwa jina la Kitengela tu, hutakosa kuona mabango ya kuuza ploti. Futi hamsini kwa mia, hati tayari. Yamepigiliwa ukutani, mitini, hata mlangoni pa kinyozi. Haikuwa hivyo zamani. Ardhi hii ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai, na ng'ombe wao walilisha uwanda mmoja na nyumbu wa mbuga ya Nairobi. Mwaka 1988 ranchi ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Waya zikafuata, na baada ya waya wakaja wanunuzi. Siku hizi watu wakikutana, baada ya salamu huulizana: "Wewe umenunua wapi?"

Mimi nami ni mmoja wao, ndiyo maana naandika habari hii.

Marehemu baba alikuwa mtu wa Lamu aliyekuja huku bara kutafuta riziki. Alikuwa na duka la sukari, majani ya chai, unga na shuka nyekundu. Jioni akifunga hesabu alipenda kutusimulia habari za Pate, mji uliokuwa na majumba ya fahari na leo ni magofu. Akitukumbusha kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu hayo akatunga Al-Inkishafi, ili auonye moyo wake mwenyewe kabla ya kuwaonya wengine. "Moyo wake mwenyewe," baba akirudia. Wakati ule sikuelewa kwa nini alilikazania neno hilo.

Wengi wetu tukisikia zuhudi tunafikiri ni kuvaa matambara na kuomba mlangoni. Sivyo. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, aliwahi kufanya biashara. Tena zaka ni nguzo ya dini, na asiye na kitu hana cha kutolea zaka. Mwenye mbuzi 40 hutoa mmoja; mwenye ng'ombe 30 hutoa ndama wa mwaka mmoja; na fedha ikifika kiwango na kutimiza mwaka, hutolewa asilimia mbili na nusu. Dini haikukataza mkono kushika mali. Iliyokataza ni mali kuushika moyo.

Ukame wa mwaka 2009 ulipokuja, Kajiado iliumia vibaya. Mizoga ilijaa kando ya njia, na mtu aliyeamka na ng'ombe mia alilala hana hata wa kukamua. Wafugaji waliendelea kuja dukani, na baba akaendelea kuwapa vitu na kuandika daftarini. Alipougua mwaka 2011 aliniita peke yangu akasema, "Mwanangu, daftari lile msilidai."

Baada ya mazishi na arobaini tukalifungua. Jumla ilikuwa shilingi 160,000. Nikatoa wasia wa baba kwa sauti ya mtu anayejiona mwema. Kaka yangu akaniuliza, "Nani mwingine alisikia?" Hakuna. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Wewe una ploti barabarani na fedha za mabati benki. Mimi nina watoto wanne shuleni. Ukarimu wako ni wa mali yangu."

Nilikasirika, nikaenda kwa sheikh mmoja nikitaraji ataniunga mkono. Alinisikiliza, kisha akanieleza taratibu. Deni analodai marehemu ni sehemu ya urithi. Wasia unafaa hadi theluthi ya mali, lakini wenzangu hawalazimiki kuupokea kwa neno langu peke yangu. Kurani imeagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kumsamehe ni sadaka iliyo bora. Lakini mtu husamehe fungu lake, si la mwenzake. Akachukua kalamu: mama thumuni, yaani 20,000; sisi wana wawili wa kiume 56,000 kila mmoja; dada yetu 28,000.

Mama alisamehe papo hapo. Dada akasamehe. Mimi nikasamehe yangu, na hilo halikuniuma. Lililoniuma ni zile 56,000 za kaka. Usiku kucha nilihesabu mabati. Ndipo nikaelewa kwa nini baba alilikazania lile neno. Nilikuwa nimeyatazama magofu ya watu wengine tu.

Kulipokucha nikaenda benki, nikamlipa kaka fungu lake lote kutoka kwa fedha zangu. Akazipokea, ilikuwa haki yake, na watoto wakaenda shule. Nyumba yangu ilikaa kuta bila paa miaka miwili. Sisemi haya nijisifu, kwa sababu kila nilipopita pale niliona uchungu, na mzahidi wa kweli nadhani haoni.

Mvua zilipokwisha kurejea na nyasi kuota, mzee mmoja wa Kimaasai ambaye jina lake lilijaza kurasa tatu za daftari alikuja nyumbani akiswaga mtamba. Nikamwambia, "Mzee, deni lilikwisha, tumesamehe." Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nani amekuja kulipa?" akauliza. Akanieleza kwamba kwa Kimaasai deni huitwa esile. Hilo huhesabiwa na hulipwa. Lakini kuna osotua, neno ambalo maana yake ya asili ni kitovu, ule uzi unaomfunga mtoto na mama yake. Watu wa osotua huombana wakati wa shida, na anayeombwa hutoa anachoweza, wala hakuna anayeandika. "Baba yako aliandika kwa sababu ni mtu wa duka," akasema. "Lakini mimi na yeye tulikuwa osotua. Nimesikia mjane wake hana maziwa." Akamkabidhi mama kamba ya mtamba, akanywa chai, akaondoka.

Mzee yule si Mwislamu, na sidhani amewahi kusikia neno zuhudi. Lakini siku ile nilimwona mtu ambaye ukame ulimfundisha kwamba mali huja na kwenda, naye akachagua kushikamana na watu.

Mabango ya ploti yangaliko, nami sitamwambia mtu asinunue. Nina nyumba sasa, ina paa. Ila daftari la baba nimeliweka kabatini pamoja na hati ya ardhi. Kila nikiitafuta hati, sharti kwanza nilisogeze daftari. Waliosema sanda haina mfuko hawakukosea.