Mashine ya Leza ya Kuchonga: Ununue Yako au Uendelee Kupeleka Kazi kwa Fundi?

Unauza zawadi, tuzo au vibao vya majina, na kila ukifungua simu unakutana na video ya mashine ndogo ya mezani ikichonga jina kwenye mbao kwa dakika chache. Bei nayo inavutia. Lakini je, itarudisha pesa zake? Kabla hujalipa, pitia mambo haya manne.

1. Jua inachoweza na isichoweza

Nyingi za mashine za bei nafuu hutumia leza ya dayodi, yenye mwanga wa buluu. Inafanya kazi vizuri kwa mbao, plaiwudi nyembamba, ngozi, akriliki nyeusi na chupa za alumini zilizopakwa rangi. Kwa akriliki isiyo na rangi, mwanga unapita tu kama kwenye dirisha, haikati. Glasi nayo inabidi uipake rangi kwanza. Kama wateja wako wanataka sana tuzo za akriliki angavu, hii si mashine yako. Utahitaji leza ya CO2, na hiyo ni bei nyingine.

Chunga pia suala la wati. Kuna wauzaji wanaoandika wati 40 kwa herufi kubwa, kumbe ni umeme ambao mashine inakula. Kinachofanya kazi ni wati za mwanga unaotoka, na huenda zikawa 5 au 10 pekee. Muulize muuzaji hivyo hivyo: "Wati za mwanga wenyewe ni ngapi?" Akianza kuzunguka, umepata jibu.

2. Bei ya mashine si gharama yote

Ukiagiza kutoka nje, weka akilini usafiri, VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine. Halafu kuna miwani maalum ya kuzuia mwanga huo wa buluu (miwani ya jua haisaidii), feni na bomba la kutoa moshi nje, na kizima moto. Usiiache ikifanya kazi peke yake, kwa sababu mbao inaweza kushika moto. PVC na ngozi bandia iliyotengenezwa kwa PVC usiichome kabisa: inatoa gesi inayoumiza mapafu na kula vyuma vya mashine. Kama unaishi na watoto kwenye chumba kimoja, tafuta kwanza mahali pengine pa kuiweka.

3. Piga hesabu ya kile inachokuokolea

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanahesabu bei ya kuuzia, badala ya kuhesabu tofauti ambayo mashine inaleta.

Tuseme hivi:
- Mashine hadi mlangoni: Sh45,000
- Miwani, feni na mbao za kujifunzia: Sh10,000
- Jumla: Sh55,000

Kwa sasa fundi anakuchongea kila kishika funguo kwa Sh60. Ukijichongea, tuseme stima na uchakavu vinakula Sh10. Basi mashine inakuokolea Sh50 kwa kila kimoja. Gawanya Sh55,000 kwa 50: unahitaji kuchonga vipande 1,100 ndipo urudishe pesa zako.

Ukiuza 50 kwa wiki, ni wiki 22. Ukiuza 20, ni wiki 55, zaidi ya mwaka mzima. Na bado hujahesabu muda wako. Kama kila kimoja kinachukua dakika 10, vipande 50 ni zaidi ya saa nane za kukaa karibu na mashine, stima isipopotea katikati ya kazi.

Weka bei zako mwenyewe kwenye hesabu hiyo. Na kama fundi hukuchelewesha mpaka unapoteza oda, ongeza pia faida ya zile oda unazopoteza.

4. Acha till yako ikwambie ukweli

Usikisie mauzo. Chukua statement ya till ya miezi sita iliyopita, uhesabu malipo ya kazi za kuchonga peke yake. Msimu wa mahafali na Desemba huwa juu, kwa hivyo usichukue mwezi mmoja mzuri ukaufanya kipimo.

Kama idadi bado ni ndogo, endelea na fundi, pokea deposit kwa till kabla ya kupeleka kazi, na weka kando Sh20 kwa kila oda. Ukishafikisha idadi inayotosha, nunua bila presha.

Jambo moja la mwisho: usinunue mashine ya kurudisha pesa kwa miezi mitano kwa mkopo wa simu wa siku 30. Hata mashine nzuri haiwezi kukimbia hivyo. Na ukinunua kwa muuzaji wa mtandaoni, omba kulipa baada ya kuiona ikiwaka, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa si la biashara uliyoambiwa, simama hapo hapo.