Anayekuuzia Jina Anakula Wapi?

Ukitoka Katito hadi Pap Onditi, hapa Nyakach nchini Kenya, hukosi kuona kibanda cha kijani cha M-Pesa. Tangu huduma hiyo izinduliwe Machi 2007, watu wa Nyakach wameizoea biashara ambayo jina si lako, bei si yako, hata rangi ya ukuta si yako, ila floti ni yako na mwizi akiingia hasara ni yako. Franchaizi ni ndugu yake, ila kiingilio chake ni kizito zaidi. Unalipia haki ya kutumia jina la mtu, utaratibu wake na bidhaa zake kwa muda fulani, kisha unaendelea kumpa mrabaha kila mwezi.

Mwalimu aliyestaafu na pesheni yake mkononi huuliza jina lipi linalipa. Mimi huanzia kwingine: huyo anayekuuzia anakula wapi? Kama riziki yake inatokana na mrabaha, atataka duka lako lidumu miaka kumi. Kama inatokana na kiingilio, umeshamshibisha siku ya kwanza. Ukifunga haumii, pengine atamwuzia mwingine eneo hilo hilo. Mwulize matawi mangapi yamefungwa, na uombe namba za simu za waliofunga. Waliobaki watakusifia, waliotoka ndio wenye habari.

Mrabaha wenyewe kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, na hapo ndipo wengi huumia. Chukua mfano wa kubuni. Duka linauza shilingi 600,000 kwa mwezi. Bidhaa zinagharimu 420,000. Kodi ya nyumba, mishahara na stima 110,000. Zimebaki 70,000. Mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo ni 36,000, na mchango wa matangazo wa asilimia 2 ni 12,000. Mwenye duka anaondoka na 22,000, na bado hajarudisha hata senti ya kiingilio. Asilimia 6 iliyoonekana ndogo kwenye karatasi imekula zaidi ya nusu ya faida. Kuna pia kodi ya zuio kwenye mrabaha, asilimia 5 kwa mpokeaji mkaazi na 20 kwa wa nje. Mkataba useme wazi ni nani anayeibeba.

Kisha angalia mzigo unatoka wapi. Januari 2022 KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu meli za viazi zilichelewa. Viazi vya Nyandarua vilikuwepo sokoni, lakini msambazaji sharti aidhinishwe kwanza kwa viwango vya kampuni. Wakenya walikasirika, na waliokabiliana nao ni wahudumu wa pale kaunta. Ikiwa jina kubwa kiasi hicho lilikwama, jiulize wewe utafanya nini lori lisipofika Pap Onditi wiki mbili, na kama mkataba unakuruhusu kununua kwingine.

Katika mji ambao wafanyakazi wa serikali hulipwa mwisho wa mwezi na wakulima husubiri mavuno, ningetafuta kitu kinachonunuliwa kila siku. Maji ni mojawapo. Jibu, kampuni iliyoasisiwa 2012, ina mtindo wa franchaizi ambapo maji husafishwa papo hapo dukani na kuuzwa kwenye chupa zinazorudishwa. Wazo zuri, ila jina halisafishi maji. Chujio la kuzuia vijidudu halitoi floraidi iliyoyeyuka, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Peleka sampuli ya kisima maabara kabla hujalipa kiingilio cha mtu yeyote.

Sheria haitakubeba sana. Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi. Una mkataba wako, Sheria ya Alama za Biashara na Sheria ya Ushindani ya 2010. Marekani, mwuzaji hulazimika kumpa mnunuzi waraka wa taarifa zake siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Afrika Kusini, mnunuzi ana siku 10 za kazi baada ya kusaini za kubadili nia bila kutozwa. Hapa siku hizo jiwekee mwenyewe. Zitumie kuuliza KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara, kama jina limesajiliwa, na kwa nani. Hakikisha eneo lako lina mipaka iliyoandikwa, maana "Nyakach" bila mipaka haimzuii mwenye jina kumpa mwingine Sondu, au ng'ambo ya barabara. Soma kipengele cha kuvunja mkataba: mitambo itabaki ya nani, na utakatazwa biashara kama hiyo kwa miaka mingapi? Wakili atakutoza, ndiyo, lakini ada yake ni nafuu kuliko kuuza shamba. Na mwenye jina akikuambia nafasi inaisha Ijumaa, mwache ampe mwingine.