Daftari la triko za baridi: modeli zipi zatufaa huku Kabambare?

Daftari la modeli za kufuma ambalo wengi mmeulizia habari yake limefika toka Bukavu, na wiki mbili hizi limezunguka mikononi mwa wafumaji wetu. Ni la Ufaransa, la majira ya baridi. Nyumba za uzi za kule huchapa madaftari ya namna hii kufuatana na majira, ili watu wanunue uzi mpya kila mara. Sisi tunalisoma kwa jicho lingine. Pesa ya likelemba itanunua uzi kabla kiangazi hakijaingia mwezi wa sita, na uzi ukiisha kufumwa katika modeli isiyouzika, hakuna butike itakayoupokea tena.

Tuanze na uzuri wake. Kila modeli ina mchoro wenye vipimo kwa santimetre, na nyingi zina karatasi ya miraba. Mfumaji asiyeelewa Kifaransa sana anaweza kuifuata: mraba mmoja ni kitanzi kimoja, unasoma toka chini kwenda juu, na mstari wa kwanza unaanzia kuume. Kwa jambo hilo tu daftari lina faida.

Modeli iliyopendwa na wote ni lile triko kubwa la misuko lililo juu ya jalada. Ni zuri kweli. Ila kwa mtu mzima linakula peloti 10 hadi 14 za gramu 50, maana misuko huvuta kitambaa kikawa chembamba na kudai vitanzi vingi zaidi. Na nani atalivaa hapa? Baridi yetu ya kiangazi ni ya alfajiri. Jua likipanda kidogo, kila mtu amekwisha kuvua. Bukavu iko karibu metre 1.500 juu, huko linaweza kuuzika. Mwenye mteja wa huko alifume, lakini apewe pesa ya uzi kwanza. Glavu nazo tuziache kwa wenye theluji.

Fulari ni kazi nyepesi, nzuri kwa wasichana wanaoanza. Hata hivyo sisi tunachagua ile kola ya shingo iliyofumwa kama bomba, ukurasa unaofuata. Wamotari wanaotoka Wamaza kwenda Kasongo kabla ya mapambazuko wanaitaka kwa baridi na kwa vumbi, na haina ncha za kuning'inia ambazo gurudumu linaweza kuzikamata. Peloti mbili zinatosha. Triko isiyo na mikono ya mtoto wa shule nayo inafaa: ifume kwa buluu ya kuvaa juu ya shati jeupe, na utamaliza kwa peloti 3 au 4.

Sasa kurasa za watoto wachanga, ambazo kwa maoni yetu ndizo zinazolipa daftari zima. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na joto jingi linatokea hapo. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchi ya Kolombia, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walianza kuwalaza watoto waliozaliwa wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwapasha joto hazikutosha. Njia hiyo, inayoitwa ya mama kanguru, leo inafuatwa katika nchi nyingi. Mtoto aliye chini ya kilo 2,5 anabebwa hivyo akiwa na nepi, soksi na bone. Tazameni ni vitu gani: viwili kati ya vitatu vinatoka kwenye sindano zetu! Peloti moja ya gramu 50 inatoa bone mbili, na mama mwenye ujauzito anainunua hata katika mwezi wa joto.

Lakini bone za daftari hili zina kosa ambalo hatutalifuata. Karibu zote zina kamba za kufunga chini ya kidevu. Kamba shingoni mwa mtoto anayelala inaweza kumkaba. Ulaya kwenyewe kuna kanuni, EN 14682, inayokataza kamba za kichwani na shingoni katika nguo za watoto wadogo. Acheni kamba, fumeni ukingo wa mbavu unaoshika kichwa wenyewe. Yale maua yenye matundu kwenye soksi nayo tuyaruke, maana kidole kidogo hunasa humo.

Inabaki shida ya uzi na sindano, na hapo ndipo kazi nyingi zinaharibikia. Daftari linasema sindano namba 4, maana yake unene wa milimetre 4. Wengi wetu tunafumia vijiti vya gurudumu la baiskeli, ambavyo ni milimetre 2 hivi. Ukifuata hesabu ya vitanzi bila kupima, triko la mtoto wa miaka sita litamwenea mdogo wake. Kwa hiyo fuma kwanza kipande cha kujaribia na uhesabu vitanzi katika santimetre 10. Daftari likisema 22 nawe umepata 18, vile vitanzi 88 vya kifua cha santimetre 40 vitakupa karibu 49. Anza na 72. Kwa bone ya mtoto aliyezaliwa kwa wakati, upana wa kuzunguka uwe santimetre 33, maana mbavu zitanyoosheka. Ya mtoto kabla ya wakati iwe 28.

Daftari linahesabu pia kwamba una sufu ya kondoo. Uzi wa sokoni kwetu mara nyingi ni wa akriliki. Unafulika vizuri na haurudi mdogo, lakini unayeyuka kwa moto na kushika ngozi. Msiupige pasi ya makaa, na mtoto aliyevaa triko hilo asikae karibu na mafiga.

Nunueni rangi moja yote kwa siku moja, toka mfuko mmoja ikiwezekana. Nyeupe ya juma hili na nyeupe ya juma lijalo si ndugu, na mteja ataiona tofauti begani.

Daftari linabaki kwa mama mtunza vitu wa shirika. Hatutaki kurasa zichanwe: anayetaka modeli aje siku ya mkutano na kalamu pamoja na kaye ya miraba, anakili hapo hapo. Kurasa za bone na kola ya shingo zimewekewa uzi mwekundu.