Wazee wa wodini Japani: kitanda kikiwa kitupu, nani analipa?

Japani ina takribani vitanda 320,000 vya wagonjwa wa akili. Ni kama vitanda 2.6 kwa kila watu 1,000, ilhali wastani wa nchi za OECD ni karibu 0.7. Wanaolala humo ni kama robo milioni. Wengi wamevuka miaka 65, na zaidi ya nusu wamelazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Si wote wanaozuiliwa na ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wizara ya afya yenyewe ilikadiria kuwa wagonjwa 72,000 hivi wangeweza kuruhusiwa endapo wangepata makazi na watu wa kuwasaidia. Mwaka 2004 serikali ikaahidi kupunguza vitanda 70,000 ndani ya miaka 10. Kufikia 2014 vilikuwa vimeshuka kutoka karibu 355,000 hadi 338,000. Vilivyopungua ni 17,000, chini ya robo ya ahadi.

Ahadi ilikwamia kwenye malipo. Sehemu kubwa sana ya vitanda hivyo ni ya hospitali binafsi. Kwa wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, bima hulipa takribani yeni 11,000 kwa kila mgonjwa kwa siku, yaani kama milioni 4 kwa mwaka. Chukua wodi ya watu 60. Wakiondoka 10 na vitanda vyao vikabaki vitupu, hospitali inapoteza milioni 40 kwa mwaka, lakini mishahara ya wauguzi wa zamu ya usiku iko palepale, mkopo wa jengo uko palepale. Mzee mtulivu asiyesumbua mtu, ambaye ndiye angeweza kabisa kuishi mtaani, ndiye anayeshikilia mapato ya wodi. Tena huduma yake ni ya bei rahisi: utaratibu wa 1958 uliruhusu daktari mmoja kwa wagonjwa 48 wa akili, wakati wodi za kawaida zilitakiwa kuwa na mmoja kwa 16.

Mgonjwa mmoja, Itō Tokio, aliishi ndani ya hesabu hiyo karibu miaka 40. Kwa bei ya leo, hizo ni kama yeni milioni 160. Maafa ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011 yalilazimu hospitali yake kuhamwa, na alikopelekwa ikaonekana hana haja ya kulazwa. Alitoka akiwa na miaka zaidi ya 60. Mwaka 2020 aliishtaki serikali akidai fidia ya yeni milioni 33; mwaka 2024 mahakama ya Tokyo ikatupilia mbali dai lake. Yalihitajika maafa ya nyuklia ili mtu mmoja achunguzwe upya. Hilo linauma.

Tangu Aprili 2024 sheria inaziruhusu serikali za mikoa kutuma watu waliofunzwa kuwatembelea wagonjwa, kuwasikiliza na kuwaeleza haki zao. Walengwa wakuu ni waliolazwa kwa idhini ya meya, ambao mara nyingi hawana ndugu wa kuwasemea. Ni hatua njema, ila mikoa 47 haikulazimishwa kuitekeleza. Ingefaa iwe wajibu, na imfikie kila aliyepita mwaka mmoja wodini. Pamoja nayo, bima ilipe hospitali kwa kufunga kitanda na kumhamishia muuguzi wake mtaani, na manispaa imdhamini mpangaji mzee, maana wenye nyumba wengi husita kumpangisha mzee anayeishi peke yake.