Mtoto Asiyetulia: Tusimhukumu Upesi

Ndugu wazazi, mtoto asiyetulia twamwita mtukutu, na fimbo ikafuata. Tumtazame kwanza. Je, akitumwa mgombani kuleta ndizi husahau njiani? Huacha kila kazi nusu? Hupoteza madaftari, hawezi kungoja zamu yake? Mambo hayo yakionekana nyumbani, na shuleni au chuoni pia, kwa miezi 6 au zaidi, nayo yalianza kabla hajatimia miaka 12, huenda ana upungufu wa umakini, wala si ukaidi. Wazazi wa Rungwe, mpelekeni hospitali ya wilaya ya Makandana, Tukuyu. Apimwe pia macho na masikio, maana asiyesikia vizuri naye hudhaniwa hatii. Mtoto ni amana, na amana haitunzwi kwa fimbo.