Kidevu cha Pili na Pumzi Inayokatika Usiku

Mwanamke mnene anayekoroma usiku na kuamka kichwa kikimuuma huambiwa mengi: apunguze kula, abadilishe mto, alale ubavu. Siku hizi kuna ushauri mwingine, kwamba aondoe nyama inayoning'inia chini ya kidevu. Kliniki za urembo hutangaza shingo iliyochongoka bila kupasuliwa, na mtu aliyechoka kulala vibaya ana haki ya kuuliza: je, na koo nalo litafunguka?

Njia mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni sindano ya asidi ya deoksikoli, ambayo kwa asili hupatikana kwenye nyongo na husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Ikidungwa chini ya ngozi hupasua utando wa seli za mafuta, kisha mwili huondoa mabaki taratibu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha sindano hiyo Aprili 2015, kwa mafuta ya chini ya kidevu peke yake. Kikao kimoja huweza kuhitaji hadi sindano 50 ndogo, na vikao huweza kufika 6, vikipishana kwa mwezi au zaidi. Uvimbe, michubuko na ganzi ni mambo ya kawaida. Wachache hupata shida ya kumeza, au neva inayoendesha pembe ya mdomo hudhoofika kwa muda, tabasamu likaenda upande.

Njia ya pili ni baridi kali. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza jinsi shavu la mtoto mchanga aliyenyonya barafu lilivyopata uvimbe kwenye tabaka la mafuta. Baridi ilikuwa imeyadhuru mafuta kuliko ngozi. Miaka mingi baadaye Dieter Manstein na Rox Anderson, watafiti wa Boston, waliligeuza jambo hilo kuwa tiba, na mwaka 2008 wakachapisha majaribio yao kwa nguruwe. Leo kifaa hubana nyama na kuipoza, na matokeo huonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Mara chache hutokea kinyume chake: mafuta yaliyopozwa hukua na kuwa magumu. Mwanamitindo Linda Evangelista alieleza hadharani mwaka 2021 kwamba hilo lilimpata.

Sasa tuingie kooni. Nyuma ya ulimi na kaakaa laini, njia ya hewa haina mfupa wala gegedu la kuishikilia iwe wazi; ni misuli ndiyo inayoishikilia. Usingizi ukikolea misuli hulegea, na njia iliyokwisha kubanwa na mafuta hujifunga kama mpira laini wa maji unaofyonzwa kwa nguvu. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, ubongo humgutusha mtu avute hewa, naye asubuhi hakumbuki lolote. Ikitokea kati ya mara 5 na 15 kwa saa, tatizo ni dogo. Ikizidi mara 30, ni kubwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba karibu watu bilioni moja duniani, wa miaka 30 hadi 69, wanaishi nalo.

Ni mafuta gani basi yanayobana? Hapa ndipo matangazo yanapokwepa. Sindano na baridi hulenga mafuta yaliyo juujuu, kati ya ngozi na msuli mwembamba wa shingo. Kati ya hapo na njia ya hewa kuna misuli ya sakafu ya kinywa na ulimi wenyewe. Richard Schwab na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipiga picha za MRI kwa watu wanene 67 waliokuwa na tatizo hili, kabla na baada ya kupunguza takribani asilimia 10 ya uzito wao. Mwaka 2020 waliripoti kwamba hali ya pumzi iliboreka kwa asilimia 31, na badiliko lililochangia zaidi ni kupungua kwa mafuta ndani ya ulimi. Hakuna kliniki ya urembo inayodunga sindano hizo kwenye ulimi, na isithubutu.

Wapo wanaosema kuwa uzito wa shingo hukandamiza koo mtu anapolala chali. Hoja hiyo ina msingi, kwani shingo nene ni dalili ya hatari inayojulikana. Kwa mwanamke, mzunguko unaozidi sentimita 40 unatosha kumfanya daktari aulize maswali. Lakini shingo nene huashiria mafuta yaliyo ndani pia, na kuondoa kijisehemu cha nje hakuyagusi hayo.

Lazima pia tuangalie usingizi unavyopimwa. Dodoso linalotumiwa sana, lililotungwa Pittsburgh na kuchapishwa mwaka 1989, humuuliza mtu mwenyewe analalaje na kumpa alama 0 hadi 21. Zaidi ya 5 ni usingizi mbaya. Ni chombo kizuri. Ila mwanamke aliyefurahia sura yake mpya huweza kulala kwa utulivu zaidi na kujaza alama nzuri, huku pumzi yake ikikatika vilevile. Furaha hiyo ni ya kweli na ina thamani. Haizuii pumzi kukatika. Ndiyo maana utafiti wa iwapo kuondoa kidevu cha pili huboresha usingizi unahitaji kundi la kulinganisha lililopewa tiba bandia, pamoja na mashine inayorekodi pumzi usiku kucha.

Wanawake hupuuzwa zaidi katika hili. Wengi wao hawalalamikii kukoroma. Hulalamikia uchovu, kukosa usingizi, huzuni na maumivu ya kichwa ya asubuhi, wakaambiwa ni mawazo au kazi nyingi. Baada ya ukomo wa hedhi hatari huongezeka.

Tiba iliyothibitishwa ipo. Mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, iliyoelezwa na Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981, huzuia koo lisijifunge. Kupunguza uzito wa mwili mzima husaidia, na Desemba 2024 FDA iliidhinisha dawa ya kupunguza uzito, tirzepatide, kwa watu wazima wanene wenye tatizo la kati au kubwa.

Dada, ukitaka kuondoa kidevu cha pili kwa ajili ya sura yako, ni uamuzi wako. Hakikisha tu anayekudunga ni daktari na dawa imesajiliwa. Lakini kama unaamka umechoka, mwombe unayelala naye chumba kimoja akusikilize usiku, kisha nenda hospitali ukapimwe pumzi kabla ya kulipia kidevu.